Kukitafuta Kilimia kwa Astropy: shajara ya mradi

Jumapili, 27 Aprili 2025

Jioni nimempigia babu simu Lamu. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla hatujafikia hata habari za watoto, akaniambia: "Kilimia kinatuaga. Nikitoka kuswali magharibi nakiona kule chini, ikifika isha hakipo." Huku Nairobi mawingu yametanda wiki nzima, mimi sijakiona kikundi hicho cha nyota. Nikamuuliza kitapotea siku gani hasa na kitarudi lini. Akanijibu kwa msemo wenyewe: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na kweli kwao mvua ilikuwa inanyesha. "Zilizobaki hesabu miongo, mjukuu wangu."

Babu anafuata mwaka wa jua wa Waswahili, ule unaoanza Nairuzi na kukatwa siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo mmoja. Mimi nimekua na kalenda ya ukutani. Nikiambiwa miongo, kwanza lazima nitafute kalamu.

Basi mradi ni huu: kupata tarehe mbili, ya mwisho Kilimia kuonekana jioni na ya kwanza kuonekana alfajiri, kwa Nairobi na kwa Lamu. Ziko programu za kuonyesha anga kwenye skrini, na ni nzuri, lakini nataka kupitia siku zote za mwaka moja baada ya nyingine na kuuliza swali lile lile kila siku. Kwa kazi hiyo nimechagua Astropy, maktaba ya lugha ya programu ya Python ambayo wanafalaki walianza kuijenga mwaka 2011 ili kuunganisha zana zilizokuwa zimetawanyika. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Jumatano, 30 Aprili

Kompyuta ni ya mezani, mtumba, nimeichukua Luthuli Avenue: RAM gigabaiti 4, diski ya kuzunguka, skrini ina mstari mmoja wa kijani pembeni. Ni ya biti 64, na hilo ndilo nililouliza kabla ya bei, kwa sababu Ubuntu ya sasa haitolewi tena kwa mashine za biti 32. Nimeweka Ubuntu 24.04 kutoka kwenye flashi. Imechukua jioni nzima, ila hakuna kilichogoma.

Python 3.12 imekuja ndani ya Ubuntu. Hakuna haja ya kuipakua kwingine.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeandika amri ambayo kila mtu huianza nayo:

`pip install astropy`

Jibu: `error: externally-managed-environment`, yaani Python hii inasimamiwa na mfumo wenyewe. Nimekuta watu wengi wakishauri kuongeza `--break-system-packages` ili ipite. Imeandikwa wazi kwamba itavunja, na bado watu wanaipitisha! Ubuntu yenyewe inaendesha baadhi ya vifaa vyake kwa Python ile ile. Ukibadilisha maktaba chini yake, siku moja kitu kisichohusiana kabisa na nyota kitaacha kuwaka na hutajua uanzie wapi kutafuta. Ukitaka njia fupi iliyo salama, iko `sudo apt install python3-astropy`, ambayo inakupa toleo la nyuma kidogo lakini linalopatana na mfumo. Mimi nataka toleo jipya, kwa hiyo ninalitengea chumba chake:

`python3 -m venv ~/falaki`

Nayo ikakataa: `ensurepip` haipo. Ubuntu haiweki sehemu hiyo mpaka uiombe. Amri ya `sudo apt install python3-venv` imemaliza tatizo, folda ikaumbika, nikaingia kwa `source ~/falaki/bin/activate`. Mwanzo wa mstari kwenye terminali ukageuka kuwa `(falaki)`. Alama hiyo ndogo ni ya kuangaliwa kila mara, maana ukifungua terminali mpya uko nje tena, na Python itakuambia haijui Astropy ni nini.

Nikawasha bando la simu, nikarudia `pip install astropy`. Vifurushi vilianza kushuka: numpy, pyerfa, PyYAML, packaging, astropy-iers-data. Numpy ilipomaliza na astropy yenyewe ikiwa katikati, stima ikapotea mtaa mzima.

Jumapili, 4 Mei

Stima imerudi saa nne asubuhi. Nilidhani nitalipia kila kitu upya, lakini pip ilikuwa imehifadhi vilivyokamilika: ikaandika `Using cached` kwa numpy, ikapakua tu kile kilichokatika. Kwa mtu wa bando hii si habari ndogo. Usifute folda ya `~/.cache/pip` kwa sababu tu umeona imejaa.

`import astropy` imepita bila neno.

Hiyo pyerfa ndiyo kiini cha mambo. Ndani yake mna ERFA, mkusanyo wa hesabu uliotokana na SOFA ya Muungano wa Kimataifa wa Falaki: jinsi dunia inavyozunguka, jinsi mhimili wake unavyoyumba, mahali jua lilipo kwa saa fulani. Kwa jua pekee, `get_sun` inatosha na haihitaji faili lolote kubwa. Watu wengine wanajipakulia jedwali la sayari la de440, zaidi ya megabaiti 100, kwa kazi ambayo ERFA ingeifanya bila kutoka nyumbani.

Jumanne, 6 Mei

Mambo mawili yanayokimbilia intaneti bila kukuuliza.

La kwanza ni `SkyCoord.from_name('M45')`. Inakwenda kuuliza jina hilo, ambalo ndilo la Kilimia katika orodha za nyota, kwenye hifadhidata iliyoko Strasbourg, Ufaransa. Bando likiisha, programu inakufa hapo hapo. Nimeandika mahali pa nyota kwa mkono, nikitumia Alcyone, ile inayong'aa kuliko zote katika Kilimia:

`kilimia = SkyCoord('03h47m29s', '+24d06m18s')`

La pili ni jedwali la IERS, la kueleza dunia imechelewa au imetangulia kiasi gani katika kuzunguka kwake. Mara ya kwanza ukiomba kimo cha nyota, Astropy inataka kulipakua. Nimeizuia kwa `iers.conf.auto_download = False`, na sijapoteza kitu cha maana, kwa sababu tofauti inayorekebishwa haiachwi ifike hata sekunde moja. Katika sekunde moja anga husogea sehemu moja tu ya 240 ya digrii. Jicho la babu ni kali, ila si kwa kiasi hicho.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ndiyo siku ya kwanza ya kuijaribu juani, au niseme mwezini, maana mwezi ulikuwa karibu kujaa. Mawingu yalipasuka saa tatu usiku. Tulipanda juu ya paa tunapoanika nguo, mimi na mpwa wangu wa miaka 12. Kilimia hakipo tena jioni, kwa hiyo tukachukua Msalaba wa Kusini, ambao hata taa za mulika mwizi haziwezi kuufuta. Nyota yake ya chini, Acrux, ilikuwa imesimama wima kusini kabisa, juu ya tangi la maji la jirani.

Nilimwonyesha kupima kwa ngumi: unyoshe mkono, ufumbe jicho moja, ngumi moja ni kama digrii 10. Akaanza kwenye usawa wa upeo wa macho, ngumi ya kwanza, ya pili, ya tatu haikujaa. "Mjomba, ni tatu kasoro kidogo." Nikatazama saa: saa tatu na dakika arobaini na nane. Tukashuka, nikaingiza `2025-05-10 21:48`.

Programu ikajibu digrii 19.5, na upande si kusini bali kusini ukielekea magharibi.

Ngumi mbili. Mpwa wangu alinitazama, akasema alipima vizuri. Nikamwambia turudi juu apime tena. Akapima, ikawa ile ile, tatu kasoro. Nilichukua daftari. Acrux iko digrii 63.2 kusini ya ikweta ya anga, Nairobi iko digrii 1.3 kusini ya ikweta ya dunia. Nyota ikisimama kusini kabisa, kimo chake ni 90 ukitoa 63.2 ukiongeza 1.3, yaani 28.1. Kijana alikuwa sahihi na kompyuta ilikuwa imekosea.

Ilinichukua karibu saa nzima kuona. `Time` ya Astropy ikipewa saa bila maelezo huichukulia kuwa UTC, ile saa ya kimataifa. Mimi nilikuwa nimeipa saa ya Nairobi, ambayo iko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo ilinihesabia anga la saa saba kasorobo usiku, wakati Msalaba umeshainamia magharibi. Nikaandika 18:48 badala ya 21:48. Ikatoka 28.0 na ushei, kusini.

Nimemwita mpwa aje aone namba. Ameomba tuiandike kwenye daftari pamoja na kipimo chake cha ngumi, na tumeandika.

Jumapili, 11 Mei

Nimetengeneza kitendaji kidogo ili nisirudie kosa la jana: kinachukua UTC, kinaongeza 9, kikipita 12 kinatoa 12 mpaka kitoshe, na kinatoa saa kwa Kiswahili. UTC 02:30 inakuwa saa kumi na moja na nusu. Sasa naweza kumsomea babu matokeo bila kupiga hesabu kichwani.

Kisha nikaijaribu kwa Kilimia chenyewe, kikiwa juu kabisa kaskazini. Kwa penseli: 90 ukitoa jumla ya 24.105 na 1.286 ni 64.61. Programu: 64.53.

Tofauti ya digrii 0.08 ni ndogo sana kwa jicho, lakini siwezi kuiacha bila kujua imetoka wapi, hasa baada ya jana. Nimeipata. Namba nilizoandika kwa mkono ni za mwaka 2000, kwa sababu ndivyo orodha za nyota zinavyoandikwa. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayokaribia kulala, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na kwa miaka 25 iliyopita mwendo huo umekisogeza Kilimia kaskazini kwa kiasi hicho hasa. Astropy ilikuwa imekihesabu kwa leo. Penseli yangu ilikuwa bado iko mwaka 2000.

Nilifurahi sana. Kidogo nimpigie babu usiku ule ule.

Jumamosi, 17 Mei

Stima ilipotea tangu jana saa mbili usiku hadi leo saa moja asubuhi. Nilipowasha, nikaendesha programu inayosoma saa ya kompyuta kwa `Time.now()`, ikaniambia jua limezama kitambo na Msalaba uko juu. Nje jua lilikuwa linawaka.

Kosa la UTC nimeshalifunga, kwa hiyo nilianza kwa saa yenyewe. Pembeni ya skrini iliandika saa mbili na dakika kadhaa, ya jana. Nikazima, nikaingia BIOS: humo ni 1 Januari 2010. Betri ndogo ya ubao mama imekufa, hivyo stima ikikatika saa ya chuma hurudi mwanzo. Ubuntu huweka kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipojua saa, na ikikuta saa ya chuma iko nyuma sana huanzia kwenye kumbukumbu hiyo. Ndiyo maana haikuonyesha 2010, ambayo ningeishtukia mara moja. Ilionyesha saa inayosadikika, iliyochelewa usiku mzima. Bila intaneti haina mahali pa kuuliza.

Nimechomoa waya, nimefungua ubavu wa kasha, vumbi la miaka. Betri ni CR2032, imekaa kwenye kikombe chake karibu na waya za diski, inatoka ukisukuma kishikizo kwa ukucha. Ile mpya nimeipata dukani hapa mtaani. Nimeiweka upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, nimerekebisha tarehe, nimeacha waya nje ya ukuta robo saa, nimewasha. Saa imebaki.

Kama unanunua kompyuta ya mtumba kwa kazi yoyote inayotegemea wakati, badilisha betri hii siku ya kwanza. Usingoje kuona kama imekufa.

Jumapili, 25 Mei

Leo nimekaa na swali lenyewe. Nyota "kuonekana" si namba iliyo ndani ya maktaba, ni lazima mwenyewe useme unamaanisha nini. Nimesema hivi: jua likiwa digrii 12 chini ya upeo, Kilimia kiwe digrii 5 au zaidi juu yake. Chini ya digrii 5 kuna ukungu na moshi, na hewa yenyewe hupinda nuru. Jua likipanda kuliko hapo, nyota ndogo kama hizo zinazamishwa na mwanga.

Programu imepita siku zote kuanzia Aprili mpaka Juni. Kwenye mashine hii ya gigabaiti 4 niliogopa, lakini ukimpa Astropy safu nzima ya saa kwa mkupuo mmoja badala ya kuzunguka moja moja, inamaliza kabla maji ya chai hayajachemka.

Jioni ya mwisho, Nairobi: 1 Mei. Alfajiri ya kwanza: 8 Juni, saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili, Kilimia kikiwa digrii 5.6. Lamu alfajiri ni tarehe hiyo hiyo, ila mapema zaidi, saa kumi na moja na dakika ishirini na saba, kwa sababu Lamu iko mashariki yetu na jua huwafikia kwanza.

Kutoka 1 Mei hadi 8 Juni ni siku 38. Nimempigia babu, nikamwambia miongo minne kasoro siku mbili. Akanyamaza kidogo. "Miongo minne. Ndiyo hesabu aliyonipa baba yangu." Kisha akauliza hiyo mashine imejuaje. Nimemweleza kuhusu digrii 12 na digrii 5, na kwamba hizo nimezichagua mimi. Akasema basi tungoje tuone.

Jumapili, 8 Juni

Niliamka saa kumi na nusu. Mpwa wangu alikataa kuachwa, akaja na blanketi. Paa lilikuwa na umande na baridi ya Juni ilikuwa imeshaanza. Mashariki yote ilikuwa wingu moja la kijivu, tena upande huo kuna ghorofa jipya linaloziba zaidi ya nusu ngumi, yaani digrii 5 zote tulizokuwa tunazitafuta. Hata kungekuwa kweupe, hapa kwetu tungengoja siku kadhaa zaidi.

Babu naye hakupiga. Mchana nilimtafuta, akasema huko bahari ililetewa wingu na kusi.

Jumanne, 10 Juni

Simu imelia kabla sijaamka vizuri. Babu, anahema, ametoka msikitini kuswali alfajiri. "Kipo. Kidogo, kimebanana, juu ya mikoko, lakini kipo." Nikamuuliza saa. Akamuuliza mtu aliyekuwa naye: saa kumi na moja na nusu hivi.

Nimekimbilia kompyuta nikiwa sijanawa uso. Lamu, 10 Juni, dakika hiyo ya jua kuwa digrii 12 chini: Kilimia digrii 7.5.

Jana, anasema, alitazama na hakukiona, ingawa kulikuwa na mawingu mepesi kule chini. Kwa hiyo mpaka wa digrii 5 huenda ni mdogo kwake, au ni wingu tu. Sibadilishi namba kwa ushahidi wa alfajiri moja ya mzee wa miaka 81. Nimeandika 7.5 kwenye daftari, chini ya zile ngumi tatu kasoro, na mwakani tutaandika nyingine.

Nimehifadhi orodha ya matoleo yote kwa `pip freeze > mahitaji.txt` na kuinakili kwenye flashi, ili mashine hii ikifa nijenge chumba kile kile kwingine.

Kabla ya kukata simu babu alisema hiyo ni nusu tu ya msemo. Anataka kujua Kilimia kitazama alfajiri lini, ile ya mwisho wa mwaka, wakati wa vuli, kinapotua magharibi huku jua likichomoza. Nimefungua faili jipya, `kuzama.py`. Mistari minne ya kwanza ni ile ile, ya tano inageuza upande.